Ulezi wa Kitaaluma Si Hisani

Katika mdahalo wa chama chetu cha Kiswahili muhula uliopita, mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu alisimama akatamka kwamba mwanasayansi hupimwa kwa alichokigundua, na kwamba kulea wanafunzi ni hisani ya mtu mwenye moyo mwema: akilea tutamshukuru, asipolea hatuna la kumdai. Ukumbi ulimpigia makofi. Hata wahadhiri wawili waliokaa mstari wa mbele waliafiki kwa vichwa. Mimi nilinyoosha mkono, nikaambiwa muda umekwisha. Makala haya ni mchango wangu wa siku ile, ambao haukupata nafasi.

Ninachodai ni hiki: kulea watafiti wachanga ni sehemu ya kazi yenyewe ya sayansi, sawa na kupima na kuandika. Mtu anayekubali cheo cha usimamizi kisha asilee, hajaifanya kazi yake, hata awe na machapisho mia moja. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili na Historia hapa Uganda, sina maabara. Lakini Historia imenifundisha kutodai jambo hewani, kwa hiyo nitachukua maisha ya mwanasayansi mmoja na fani moja, kisha msomaji aamue mwenyewe.

Mwanasayansi huyo ni Niyazi Serdar Sariciftci, aliyezaliwa Konya, Uturuki, mwaka 1961. Alipata shahada ya uzamivu katika fizikia kwenye Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, mwaka 1989, akafanya kazi Stuttgart, Ujerumani, kisha mwaka 1992 akaenda Santa Barbara, California, kwenye maabara ya Alan Heeger. Mwaka 1996 alirudi Austria kuwa profesa wa kemia-fizikia katika Chuo Kikuu cha Johannes Kepler mjini Linz. Mwaka 2000 akaanzisha hapo taasisi ya seli za sola za kioganiki, ambayo wenye fani huiita LIOS.

Kwanza tuelewane kuhusu seli hizo. Paneli tunazoziona juu ya mabati ya nyumba zetu nyingi ni za silikoni, maada inayoyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,400. Seli ya kioganiki hutumia maada zenye msingi wa kaboni, zikiwemo polima, ambazo ni jamaa wa plastiki tunazozijua. Maada hizi zinaweza kuyeyushwa katika kimiminika zikawa kama wino, zikapakwa au kuchapwa juu ya karatasi nyembamba ya plastiki. Tabaka linalofyonza mwanga huwa na unene wa takribani nanomita 100. Unywele mmoja ni mnene mamia ya mara kuliko tabaka hilo. Tatizo ni kwamba mwanga ukiipiga polima, elektroni inayochangamshwa haiendi mbali. Hubaki imefungamana na pengo ililoliacha, na isipopata pa kwenda ndani ya nanomita kumi hivi, hurudi ilikotoka na umeme haupatikani. Lazima pawe na maada nyingine jirani ya kuipokea.

Mwaka 1992 Sariciftci na wenzake walionyesha mpokeaji huyo ni nani. Ni fulerini, molekuli ya atomi 60 za kaboni zilizojipanga kama mpira wa miguu. Fulerini huichukua elektroni kutoka kwenye polima kwa muda usiofika hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde, kabla haijapata nafasi ya kurudi. Mwaka 1995 kundi hilohilo la Santa Barbara likaonyesha kwamba polima na fulerini zikichanganywa pamoja, badala ya kulazwa tabaka juu ya tabaka, elektroni karibu zote humpata mpokeaji jirani. Kwa miaka mingi iliyofuata, karibu kila seli ya polima duniani ilijengwa juu ya mambo hayo mawili.

Mpaka hapo mwenzetu wa mdahalo atasema: si ndiyo hayo, ugunduzi! Sawa. Sasa ninaomba tuangalie kitu ambacho sisi wanafunzi hukipita haraka, yaani orodha ya majina chini ya kichwa cha makala ya kisayansi. Katika fani hizi, kwa kawaida jina la kwanza ni la aliyeibeba kazi, na majina ya wakuu huja nyuma. Makala ya 1992 yana majina manne. La kwanza ni la Sariciftci, mgeni aliyekuwa na miaka thelathini na kidogo tu. La Heeger, mwenye maabara, ni la tatu. Katika makala ya 1995 Heeger ni wa mwisho kati ya watano.

Heeger hakuyabuni mazoea hayo siku hiyo. Yeye, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000 kwa kugundua kwamba polima inaweza kupitisha umeme. Historia ya ugunduzi huo inaanzia kwenye kosa. Mwaka 1967, katika maabara ya Tokyo alikokuwa Shirakawa, mtafiti mgeni alikosea kipimo akaweka kichocheo mara elfu moja zaidi ya kiasi kilichotakiwa. Juu ya kimiminika likaganda tabaka linalong'aa kama fedha. Wapo wasimamizi ambao wangefoka, wakamwaga kila kitu na kumfukuza mgeni. Shirakawa alilichunguza kosa lile, akajifunza namna ya kulirudia kwa makusudi. Miaka kadhaa baadaye MacDiarmid alifika Tokyo, akaliona tabaka lile, akamwalika Shirakawa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Makala yao ya mwaka 1977 yana majina matano, na la kwanza ni la mgeni Shirakawa. MacDiarmid mwenyewe alikuwa mtoto wa familia maskini ya New Zealand, aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kuanzia kazi ya utumishi wa maabara, akifagia na kuosha vyombo. Mtu aliyeingia katika sayansi akiwa na ufagio mkononi hakuona aibu kumtanguliza mwingine.

Tazama basi yaliyotokea Linz. Kijana aliyetangulizwa mwaka 1992 alipopata maabara yake, naye aliwatanguliza wengine. Mwaka 2001 kundi lake lilitangaza seli ya plastiki yenye ufanisi wa asilimia 2.5, kiwango kilichoishtua fani wakati huo. Jina la kwanza ni la Sean Shaheen, la pili Christoph Brabec, na la profesa ni la tatu. Mwaka 2007 yalichapishwa mapitio marefu ya fani nzima, ambayo yamenukuliwa na maelfu ya watafiti. Jina la kwanza ni la Serap Günes, aliyefanya uzamivu wake hapohapo Linz, na la Sariciftci ni la mwisho. Brabec leo ni profesa Erlangen, Ujerumani, na ni miongoni mwa vinara wa fani. Eric Głowacki, aliyesomea uzamivu Linz na kushiriki utafiti wa kutumia nili, ile rangi ya kutia nguo, kutengenezea vifaa vya elektroniki, alikwenda kuongoza kundi lake Linköping, Sweden. Mwaka 2012 watafiti wa Linz na Tokyo walitengeneza seli ya kioganiki yenye unene usiofika mikromita 2 pamoja na plastiki iliyoibeba. Majina ya vijana yamo humo tele.

Mwaka huohuo wa 2012 Sariciftci alipewa Tuzo ya Wittgenstein, ambayo ndiyo tuzo kubwa zaidi ya sayansi nchini Austria. Fedha zake, ambazo mwaka huo zilikuwa hadi euro milioni 1.5, haziingii mfukoni mwa mshindi. Hutumika kwa utafiti, na utafiti maana yake ni mishahara ya vijana na vifaa vyao. Yeye alizielekeza kwenye njia za kuigeuza kaboni dioksidi kuwa fueli kwa nguvu ya jua. Taifa hilo lilimtunza mtafiti wake kwa kumwongezea watu wa kulea.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, maana nimezisikia vya kutosha bwenini na darasani.

Hoja ya kwanza ni ya methali: chema chajiuza. Mwanafunzi mwenye kipaji, wanasema, atajitokeza hata asipoleweka, na mfano wao ni Ching Tang. Ni kweli kwamba makala ya mwaka 1986 yaliyoeleza seli ya kwanza ya kioganiki yenye ufanisi wa maana, wa karibu asilimia moja, yana jina moja tu, la Tang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Eastman Kodak. Sikatai kwamba mtu mmoja anaweza kufungua mlango. Lakini kutoka asilimia ile moja hadi kiwango cha leo, ambapo seli bora za maabara zinafika asilimia 19 na zaidi, imechukua zaidi ya miaka thelathini na maelfu ya mikono, kuanzia Marekani na Ulaya hadi China. Mikono hiyo haikuota yenyewe kama uyoga. Kila mmoja alifundishwa na mtu namna ya kusafisha kioo, kupaka tabaka, kusoma kipimo na kutojidanganya. Methali ya chema chajiuza ni ya sokoni. Embe halihitaji barua ya msimamizi ili lionekane limeiva.

Hoja ya pili ni kwamba seli za kioganiki zenyewe zilifeli, kwa hiyo hakuna cha kujifunza hapo. Wanaitaja kampuni ya Konarka ya Marekani, ambayo Heeger alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake. Ilikusanya mamilioni ya dola ili ichape seli za plastiki kama magazeti, na mwaka 2012 ikafilisika. Ni kweli, na mimi sitaficha: seli hizi bado hazidumu juani kama silikoni, na soko bado ni la silikoni. Lakini hoja hii inanisaidia mimi kuliko wao. Kampuni ilikufa, mashine zikauzwa, watu wakabaki. Brabec aliwahi kufanya kazi Konarka. Alikuwa ameshahamia Erlangen na anaendelea kufundisha. Baadaye wanakemia wa China walikuja na vipokeaji vipya vinavyoishinda fulerini, na fani ikainuka tena. Kama mali pekee ya fani hii ingekuwa ugunduzi wa 1992, ingekwisha siku fulerini ilipopitwa. Haikwisha kwa sababu kulikuwa na watu waliolelewa vya kutosha kuacha mpokeaji wa zamani na kutafuta mwingine.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniumiza: hao ni wazungu, wana fedha, sisi hatuna. Kwanza, Sariciftci ametoka Konya, si Vienna. Pili, ni senti ngapi zinahitajika kuandika jina la mwanafunzi mahali pake? Ni vifaa gani vya bei ghali vinavyotakiwa ili mtu asome kurasa kumi na tano na kuzirudisha?

Ninasema kwa uchungu, na nina sababu. Rafiki yangu ninayekaa naye chumba kimoja anasoma fizikia. Mwaka jana alitengeneza seli ndogo ya sola inayofyonza mwanga kwa rangi ya mimea. Alichemsha choya jikoni kwetu mpaka sufuria yetu ya ugali ikawa nyekundu. Alinunua vioo kwa fedha za chakula. Msimamizi wake alimwona mara mbili kwa mwaka mzima, mara ya pili ikiwa ni siku ya kutia saini. Miezi michache baadaye kazi ile ilisomwa kwenye kongamano. Jina lilikuwa moja, la msimamizi. Rafiki yangu alitajwa kwenye shukrani, pamoja na fundi aliyekata vioo. Nilimuuliza kwa nini asiende kulalamika. Akanijibu, "Nikilalamika, nani atanisainia barua ya kuomba uzamili?" Hajagusa seli tena. Sasa anafikiria kuuza simu mjini, na hesabu zake zinaonyesha kwamba huko kuna faida kuliko fizikia.

Mimi nami, sura ya pili ya utafiti wangu ina wiki kumi na moja juu ya meza ya mtu. Nikikutana naye koridoni namwamkia kwa heshima, naye huniambia, "Mwanangu, nitaisoma." Neno hilo, mwanangu, ni zuri sana katika Kiswahili, na ndiyo maana halifai kutumiwa kama blanketi la kufunikia uzembe. Anayemwita mtu mwanawe amejipa wajibu.

Msinielewe vibaya. Najua mhadhiri mmoja anaweza kupewa wanafunzi wa utafiti wengi kuliko anavyoweza kuwasoma, huku akifundisha madarasa yanayomwagika hadi nje ya mlango. Najua akitaka kupandishwa cheo anaulizwa machapisho yake, na hakuna anayemuuliza wanafunzi wake wako wapi. Kwa hiyo lawama yangu haimhusu yeye peke yake. Utaratibu unaohesabu karatasi tu utavuna karatasi tu.

Hata huko tunakokusifia, utaratibu huo una dosari zake. Fulerini yenyewe iliripotiwa mwaka 1985 katika makala yenye majina matano: Kroto, Heath, O'Brien, Curl na Smalley. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1996 ilikwenda kwa Kroto, Curl na Smalley. Heath na O'Brien walikuwa wanafunzi waliokesha kwenye mashine. Kanuni za Nobel haziruhusu tuzo moja kugawiwa zaidi ya watu watatu, kwa hiyo wao walibaki nje. Lakini tofautisheni: tuzo iliwaacha, makala hayakuwaacha. Majina yao yamo kwenye ukurasa, na mwanafunzi wa Historia anayapata bila kumuuliza mtu. Jina la rafiki yangu atalipata wapi?

Na kama bado mnasema haya ni ya Ulaya, kuna Mwafrika katika mlolongo huu. Daniel Egbe, mzaliwa wa Kameruni aliyepata uzamivu wake Jena, Ujerumani, alijiunga na taasisi ya Linz mwaka 2009. Akiwa huko ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuunda ANSOLE, mtandao wa Afrika wa nishati ya jua uliozinduliwa mwaka 2011. Mtandao huo umewasaidia watafiti vijana kwenda kujifunza kwenye maabara za nchi nyingine za bara letu, wala si Ulaya pekee. Jirani zetu wa Ethiopia nao, katika Chuo Kikuu cha Addis Ababa, wana kundi la utafiti wa polima lililokuzwa kwa ushirikiano wa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Linköping. Addis Ababa haina jua kali kuliko Uganda. Ilichokuwa nacho ni watu waliokubali kulea na kulelewa kwa muda mrefu bila kuchoka.

Basi ninapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalosubiri mfadhili. Kwanza, mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo, aorodheshe wanafunzi aliowasimamia, walimaliza lini, na wako wapi sasa. Orodha hiyo ipewe alama kama machapisho. Pili, kila idara iandike kanuni moja ya wazi kuhusu majina: aliyefanya kazi atangulie, na hakuna kazi ya mwanafunzi itakayosomwa popote bila jina lake. Tatu, rasimu ya mwanafunzi iwe na tarehe ya kupokewa na tarehe ya kurudishwa, zote zikisainiwa. Bodaboda wetu wanajua kuandika saa ya kupokea mzigo. Chuo kikuu hakiwezi kushindwa.

Nanyi wanafunzi wenzangu, tusijisafishe haraka. Mwaka ujao baadhi yetu tutakuwa walimu wa sekondari, tukiwa na kalamu nyekundu na cheo kidogo. Mtoto atakapokosea kipimo mara elfu moja, tutafoka au tutachungulia kwenye chupa? Atakapoandika insha nzuri, tutaisoma mbele ya darasa kwa jina lake? Tabia hii hupokezanwa, njema na mbaya, kama ilivyopokezanwa kutoka Pennsylvania hadi Santa Barbara hadi Linz.

Kwa mwenzetu wa mdahalo, ambaye najua atayasoma makala haya, nina neno moja la mwisho. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hawakusema kinga moja ikimwonea nyingine huruma. Ulezi ni kazi. Anayelipwa kwa kazi hiyo aifanye, nasi tuwe na haki ya kumuuliza. Sura yangu ya pili ingali mezani. Kesho asubuhi nitakwenda kuiulizia, na safari hii nitamwomba aandike tarehe.